Niliacha chuo, sikuacha kusoma

Kwetu Nyamache ukisikia mtu "ameacha kusoma", huulizi kama macho yamemharibikia. Unaelewa papo hapo: karo imekataa, au amepata mimba, au amenunuliwa pikipiki. Kitabu hakikujii akilini hata kidogo. Kiswahili kimeweka mambo mawili kwenye neno moja, kwenda shule na kufuata maandishi kwa macho, na Ekegusii nacho kikalibeba neno hilo hilo: gosoma. Basi ukiacha moja, jirani anahesabu umeacha yote mawili.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nakwambia mapema usije ukadhani ni profesa anayekuhubiria hapa. Hakuna kisa kirefu. Tulikaa na mama, tukapiga hesabu ya bonasi ya majani chai, ya ndizi, ya yule ndama mmoja, na kila tukirudia jumla ilikuwa ile ile. Nikafunga vitu vyangu hosteli nikarudi nyumbani. Nikakaa miezi minane nikichuma chai asubuhi na kusoma usiku kwa tochi ya simu. Wiki ya kwanza mama alivumilia. Wiki ya pili akaniuliza, bila ubaya wowote, "Sasa hicho unakisomea mtihani gani?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Kusema kweli kilikuwa kitabu cha James Hadley Chase na maiti ya pili ilikuwa ndiyo kwanza imepatikana.

Swali la mama si la mama peke yake, na usimcheke. Angalia lilikotoka. Buganda, Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Wagikuyu nao wakawaita watu wa misheni athomi, maana ni ile ile. Ukionekana na kitabu mkononi, watu walijua umehama upande: leo uko kwa mmishonari, kesho utakuwa karani, kesho kutwa utarudi na baiskeli. Tangu hapo kitabu kwetu kimekuwa ngazi. Unapanda, na ukishafika juu unaiacha ukutani pale pale. Sasa mtu aliyeanguka katikati ya ngazi na bado ameikumbatia, utamwelewaje?

Lakini mimi nilianza kupenda kusoma kabla sijajua kuna ngazi. Na nilianza ovyo.

Nyumba yetu haikuwa na rafu ya vitabu. Ilikuwa na kabati ya vyombo, na pembeni ya vikombe vya wageni palikuwa na Biblia ya Ekegusii, kitabu cha nyimbo za kanisani, na kamusi iliyopoteza herufi A yote na nusu ya B. (Kwa hivyo maneno kama adili na busara niliyapata baadaye sana maishani.) Halafu kulikuwa na vitabu vya wale wainjilisti wa vitabu. Kama umekulia Gusii unawajua: Waadventista walifika huku zaidi ya miaka 100 iliyopita, na mpaka leo kuna watu wao wanaotembea boma hadi boma na mkoba, wanakuuzia kitabu kidogo kidogo, unalipa leo mia, mwezi ujao mia. Sisi walituachia kimoja cha tiba ya mimea na kimoja cha malezi ya familia. Nilivimaliza vyote nikiwa darasa la tano. Mambo ya uzazi niliyajua kabla mwalimu wetu hajapata ujasiri wa kuandika kichwa cha somo ubaoni.

Nilisoma pia karatasi za kufungia nyama. Wewe wa leo unafungiwa kwenye mfuko, hujui raha hiyo. Baba akileta nusu kilo, nilingoja nyama iingie sufuriani nikapewa gazeti lililolowa damu pembeni. Nusu ya habari ilikuwa haipo. Waziri amesema nini? Karatasi imekatika. Mshukiwa alikamatwa au alitoroka? Buchari ndiye anajua. Nikazoea kujimalizia habari mwenyewe, na nadhani kazi ninayofanya sasa ya kuandika ilianzia hapo.

Halafu kulikuwa na magunia ya mbolea. Nyamache ni chai, chai, ndizi, halafu chai. Kila nyumba ina magunia matupu ya mbolea, ya kukalia, ya kubebea mahindi, ya kuzibia dirisha. Yote yameandikwa N.P.K. 26:5:5. Niliyasoma maandishi hayo miaka mingi kama mtu anayesoma jina la mtaa, bila kujiuliza. Nilidhani ni namba ya simu ya kiwanda. Kidato cha tatu, kwenye kitabu cha kemia, nikakutana na herufi hizo: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, na namba ni kiasi cha kila moja katika kila sehemu 100 za mbolea. Naitrojeni ni 26 kwa sababu mchai unataka kutoa majani, na naitrojeni ndiyo inayosukuma majani. Nilimuuliza mama kama alikuwa akijua. Akasema anajua tu kwamba ukikosa kuweka, chai inakuwa ya manjano. Sawa kabisa, ni jambo hilo hilo. Lakini siku hiyo gunia letu la dirishani lilinitazama kama mtu aliyekuwa akijua siri muda huo wote.

Hiyo ndiyo raha ninayojaribu kukuelezea. Maandishi mawili yasiyojuana yanakutana ndani ya kichwa chako na kusalimiana.

2010 ikaja Shujaaz. Kama una miaka ya ishirini na kitu, unaikumbuka: kitabu cha katuni cha bure, kwa Sheng, kikipatikana ndani ya gazeti la Jumamosi na kwenye vibanda vya M-Pesa. Boyie amemaliza shule, hana kazi, anaendesha redio ya siri chumbani kwake kwa jina la DJ B. Mimi nilikuwa mtoto wa mashambani ambaye Sheng yake ilikuwa na lafudhi ya Bobasi, na mwenye kibanda alikuwa akiniwekea nakala moja chini ya kaunta. Hakuna aliyeniambia hiyo ni "kusoma". Ndiyo maana niliisoma mara sita.

Ukinipeleka mbele kidogo utanikuta na Moses wa Barbara Kimenye, yule mtundu wa shule ya bweni kule Uganda, kilichopita mikono mingi mpaka jalada likawa la sellotape tupu. Baada yake Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, kabla mimi sijazaliwa, na bado Kongowea Mswahili alinisumbua kama jirani wa jana. Halafu Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba. Kuna wasee watakuambia riwaya za upelelezi si fasihi. Waache. Kutoka kwa Musiba nilijifunza kwamba Kiswahili kinaweza kukimbia, kuruka ukuta na kupiga risasi, wakati shuleni tulikuwa tumekifunga tai na kukikalisha mstari wa mbele.

Shule yenyewe je? Darasa letu lilisoma Kidagaa Kimemwozea, ya Walibora tena. Ni kitabu kinachouma. Kuna kijana, Amani, ambaye mswada wake umeibwa na mwalimu na kuchapishwa kwa jina la mwizi. Fikiria unasomewa hayo ukiwa na miaka kumi na saba, huku wewe mwenyewe una daftari la hadithi chini ya godoro! Nilitamani tuongee juu ya wizi huo wiki nzima. Tuliongea dakika tano. Kisha tukaambiwa tuandike jazanda, mbinu rejeshi, na sifa nane za Mtemi Nasaba Bora, kwa sababu hizo ndizo zinazoletwa kwenye mtihani. Simlaumu mwalimu, alikuwa na silabasi ya kumaliza na sisi tulikuwa wengi. Ila ulipomalizika mtihani wa mwisho, wenzangu walirarua vitabu wakavirusha juu kama maua ya arusi, na nilielewa kwa nini. Walikuwa wamefika juu. Ngazi ya nini tena?

Basi sasa twende Nairobi, maana ndiko ninakoishi, na ndiko nilikopata jibu la mama.

Wauzaji wa vitabu wa kando ya barabara katikati ya jiji unawajua. Wanatandika karatasi ya nailoni chini, unainama, mgongo unauma, unatafuta. Rundo la mbele kabisa ni lile lile kila mahali: Rich Dad Poor Dad ya Robert Kiyosaki, The 48 Laws of Power ya Robert Greene, na ndugu zao. Sina neno na vitabu hivyo, nimesoma vyote viwili. Ila nimekutana na vijana ambao wamesoma hivyo tu, mara tatu tatu, wakingoja utajiri utoke ukurasa wa mwisho. Kufikia sasa ninayemwona akitajirika ni anayeviuza. Ukikubali ushauri wangu, pita rundo hilo, inama zaidi, fika kule nyuma ambako vitabu havina majalada na muuzaji mwenyewe hajui bei. Huko ndiko nilikompata John Kiriamiti na My Life in Crime ya 1984, jambazi aliyeandika akiwa gerezani. Huko nilimpata David Maillu ambaye wazazi wetu walimficha chini ya mto. Huko nilipata Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, na ukiisoma leo utashangaa walikuwa wakimwogopa nani.

Na huko nilinunua, kwa shilingi 50, kitabu kikuukuu cha historia ya Hong Kong. Sikuwa na haja yoyote na Hong Kong. Nilipenda picha za meli.

Kabla sijaendelea, kama wewe si wa Gusii, nikupe kisa kimoja. Januari 1908, kijana wa kwetu aitwaye Otenyo alimvizia afisa wa Kiingereza, G.A.S. Northcote, akamchoma mkuki mgongoni. Nyuma ya kijana huyo alikuwepo Moraa, mwanamke aliyesifika kwa unabii, aliyekuwa akiwaambia vijana waziwazi kwamba wageni hawa watatumaliza. Northcote hakufa. Serikali ya kikoloni ikaleta askari: watu wakauawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Otenyo akakamatwa na kuuawa, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa London. Mpaka leo kuna wazee wanaodai kirudishwe. Jina la Northcote halikukaa vizuri kwenye ndimi za watu wetu, wakamwita Nyarigoti. Bibi yangu alilitaja jina hilo kama unavyotaja jina la ugonjwa.

Mimi nilijua kisa hicho kwa mdomo wa bibi, kisha nikakisoma kwa ufupi kwenye kitabu cha historia. Katika vyote viwili Nyarigoti anachomwa mkuki, anapona, halafu anapotea. Hakuna aliyeniambia alienda wapi, na sikuwahi kuuliza. Kwangu mimi mzungu huyo alikuwa mtu wa ukurasa mmoja.

Sasa niko ndani ya matatu kuelekea Umoja, jam imekaza, ninasoma habari za Hong Kong, na kwenye orodha ya magavana ninaona: Sir Geoffry Northcote, 1937 hadi 1941. Nikajiambia, majina yanafanana tu. Nikaendelea. Kurasa chache mbele wakaeleza kwamba alianzia kazi Afrika Mashariki. Nilipofika nyumbani nikatafuta jina lote: Geoffry Alexander Stafford Northcote. G.A.S. Ni yeye. Mtu aliyebeba kovu la mkuki wa Otenyo alipanda cheo mpaka akawa gavana wa British Guiana, kisha wa Hong Kong, na huko chuo cha kufundishia walimu kikapewa jina lake. Nyarigoti! Kuna Wachina walisomea ualimu chini ya jina ambalo bibi yangu alilitamka akitema mate.

Nilimpigia mama saa nne usiku. Nikamsimulia yote bila kupumua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo Otenyo aliuawa na yule akapewa kazi kubwa." Ndiyo, mama. Akaniuliza kama bibi alikufa bila kujua. Ndiyo. Tukakaa hivyo kwenye simu mpaka salio likaisha. Hakuniuliza tena kuhusu mtihani.

Unaona hapo? Mwalimu wa historia asingenipa kitabu cha Hong Kong, hakimo kwenye silabasi. Mtu wa Hong Kong hana bibi wa Nyamache. Ilibidi mtu mmoja asiye na mpango asome vitu vyote viwili. Ndiyo maana nikikuta mtu anajivunia kwamba yeye husoma "vitabu vya maana tu" ninamwonea huruma kidogo. Unajuaje vya maana kabla hujavifungua?

Najua utasema vitabu ni ghali. Ni kweli, na kuna sababu. Sheria ya VAT ya 2013 iliweka ushuru wa asilimia 16 kwenye vitabu, na wachapishaji wamelalamika miaka na miaka. Kitabu kipya dukani kinashindana na unga, na unga hushinda. Lakini kuna milango mingine. Ukiwa Nairobi, nenda maktaba ya McMillan, Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia, lile jengo lenye simba wawili wa mawe. Lilifunguliwa 1931 na mpaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo. Kila nikipita kati ya wale simba na jeans yangu iliyochanika ninahisi ninadai deni la mtu. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likiifufua pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara. Ukiwa wa Eastlands huna kisingizio.

Ukiwa Nyamache una kisingizio kizuri zaidi. Maktaba ya umma niliyoijua nikikua ilikuwa ya KNLS, Kisii mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa chakula cha siku mbili. Niliingia humo mara nne katika utoto wangu wote, nazikumbuka zote. Shirika hilo la maktaba lipo kisheria tangu 1965. Na Katiba ya 2010, kwenye ratiba ya nne, imetaja maktaba kati ya kazi za serikali za kaunti. Si fadhili, ni kazi. Kaunti ya Kisii ina wadi 45. Siku mwakilishi wa wadi yako akija na mipira na jezi, mpokee vizuri, shukuru, kisha umuulize maktaba iko mstari wa ngapi kwenye bajeti. Nimewahi kumuuliza mmoja. Alicheka sana, akadhani ni mzaha.

Simu nayo ni maktaba, ila tuelewane. Mtu akikurushia kwenye WhatsApp PDF ya riwaya iliyotoka juzi, jua mwandishi wake hajala hata chapati kwa jasho hilo, na mimi kama mtu wa kuandika siwezi kukupigia makofi. Lakini vitabu vikongwe ambavyo hakimiliki yake imekwisha viko bure na kihalali kwenye Project Gutenberg, mradi ulioanza 1971, na faili la kitabu kizima huwa dogo kuliko video moja ya mtu akicheza densi. Simu yangu ya kwanza ya kusomea ilikuwa na kioo kilichopasuka katikati. Kila ukurasa ulikuwa na mto unaopita, na nilivuka mingi.

Doo je? Kusoma kumenilipa? Kidogo. Ninaandika, ninalipwa kwa makala, mwezi mwingine ninalipa kodi kwa wakati na mwezi mwingine ninaongea na mwenye nyumba kwa upole. Waliomaliza chuo wengine tunapanga foleni moja kwa huyo huyo mwenye nyumba. Sitakudanganya kwamba vitabu vilijaza nafasi ya karatasi ya chuo. Kuna milango nimegonga wakaniuliza cheti kwanza, mazungumzo yakaishia hapo.

Desemba nitapanda matatu ya Kisii na mkoba wa vitabu. Kuna binamu yangu wa kidato cha tatu, walimu wake wanasema akili anayo ila anapoteza muda na "vitabu visivyo vya shule". Nilimpigia nimuulize anataka nimletee nini. Nilimtajia Siku Njema, nikamtajia Musiba, nikamtajia Kezilahabi. Akanikatiza.

"Nisikize, hivyo lete. Lakini kwanza lete kile cha Hong Kong. Nataka kumwona huyo Nyarigoti kwa macho yangu."